Kufuma Jozi ya Soksi kwa Mara Moja

Wahenga walisema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Neno hili ni la kweli katika mambo mengi. Mwindaji afukuzaye paa wawili hurudi nyumbani mikono mitupu, na mwanafunzi asomaye kitabu huku akizungumza na mwenziwe hajui alichosoma wala alichoambiwa. Walakini iko kazi moja ambayo mafundi wake wameona kuwa kushika mbili pamoja huweza kuwa salama kuliko kushika moja moja. Kazi hiyo ni kufuma soksi.

Kofia ni moja, na kichwa ni kimoja. Mtu akimaliza kufuma kofia, kazi yake imekwisha. Soksi sivyo. Miguu ni miwili, na soksi iliyo peke yake haimfai mtu, hata ikiwa nzuri namna gani. Mfumaji amalizaye soksi ya kwanza huona furaha. Lakini furaha hiyo ndiyo hatari yake, maana hudhani amemaliza, kumbe amefika nusu ya njia. Nyumba nyingi zina kikapu chenye soksi moja iliyofumwa vema, nayo inamngoja mwenziwe miaka na miaka.

Kwanza imempasa mtu kujua soksi imefanywaje. Nguo ifumwayo katika kitanda cha mfumi ina nyuzi nyingi zipitanazo, nyingine zimekwenda urefu na nyingine upana. Soksi ya mkono haina nyuzi nyingi. Ni uzi mmoja tu, uliopindwa ukawa vitanzi, na kila kitanzi kimepita ndani ya kitanzi kilicho chini yake. Kwa sababu hiyo soksi hunyumbuka na kuushika mguu, nguo ya kawaida isiweze kufanya hivyo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kitanzi kimoja kikiponyoka sindanoni, kile kilicho chini yake hulegea, na cha chini tena, hata pakawa na ufa mrefu kama ngazi. Basi mfumaji hana budi kulinda kila kitanzi.

Kazi hii ni ya zamani. Katika nchi ya Misri zimeonekana soksi za pamba zilizofumwa karne nyingi zilizopita, nyeupe na za rangi ya nili, zenye mapambo mazuri. Baadaye ufundi huu ulienea sana Ulaya, ambako baridi ni kali na kondoo wa sufu ni wengi. Mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee wa kijiji cha Calverton, karibu na mji wa Nottingham, alibuni mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Husimuliwa kuwa Malkia Elizabeth alikataa kumpa hati ya kuilinda kazi yake, kwa kuwahurumia maskini waliojipatia riziki kwa kufuma kwa mkono. Lee alihamia Ufaransa, na huko ndiko alikofia. Hata hivyo mashine haikufa pamoja naye, na siku hizi soksi karibu zote za madukani hufumwa na mashine. Lakini sindano za mkono hazijatupwa, kwa kuwa mwenye sindano na uzi aweza kufuma soksi ya kipimo cha mguu anaoujua.

Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 ilionekana wazi jinsi soksi ilivyo kitu kikubwa. Askari wa Ulaya walikaa siku nyingi ndani ya mahandaki yaliyojaa maji na matope baridi. Miguu yao ilivimba, ikafa ganzi, na nyama ikaanza kuoza. Wengine walikatwa miguu bila kupigwa risasi hata moja. Wakuu wa jeshi la Uingereza waliamuru askari wapake miguu yao mafuta ya nyangumi, tena wabadili soksi, wavae zilizo kavu. Basi soksi nyingi mno zilitakiwa. Wanawake wa Uingereza na wa Marekani walifuma mchana na usiku, na hata watoto wa shule walishika sindano. Huko Marekani chama cha Msalaba Mwekundu cha vijana kilianzishwa mwaka 1917, na kufuma kulikuwa mojawapo ya kazi zake.

Sasa na afikiriwe askari yule handakini, afungua bahasha yake akaona soksi moja tu. Yamfaa nini? Au aona mbili, lakini moja ni pana kuliko mwenziwe. Ile iliyo pana hujikunja ndani ya kiatu, na mkunjo ule hufanya lengelenge, na lengelenge hupasuka likawa kidonda. Yule mfumaji aliye mbali, ameketi penye moto nyumbani, hajui. Lakini uzembe wake umetembea na askari maili nyingi.

Mtu aweza kuuliza, "Mfumaji ni yule yule, uzi ni ule ule, na hesabu ni ile ile, yawezekanaje soksi mbili zisilingane?" Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni mkono wenyewe. Mkono wa mtu haukazi uzi sawasawa kila siku. Mtu mwenye haraka au hofu hukaza sana. Mtu mchovu hulegeza. Tuseme soksi ina vitanzi 64 katika mzunguko mmoja. Mkono ukikaza hata inchi moja ikawa na vitanzi 8, soksi itakuwa na upana wa inchi 8 kuzunguka mguu. Mkono ukilegea hata inchi moja ikawa na vitanzi 7 tu, soksi hiyo hiyo itazidi inchi 9. Hesabu ya vitanzi haikubadilika, lakini soksi zimetofautiana kwa zaidi ya inchi nzima.

Sababu ya pili ni kusahau. Mfumaji amalizaye soksi ya kwanza leo na kuanza ya pili baada ya mwezi hakumbuki tena alifuma mizunguko mingapi kabla ya kisigino, wala alianza kupunguza vitanzi mahali gani. Sababu ya tatu ni uchovu wa moyo. Soksi ya kwanza ni jambo jipya. Ya pili ni kurudia yale yale, na watu wengi hushindwa hapo.

Dawa ya mambo haya matatu ni moja, nayo ni kufuma soksi zote mbili pamoja. Kila sehemu ifumwayo katika soksi moja hufumwa papo hapo katika ya pili, kwa mkono ule ule, siku ile ile, na kwa hesabu iliyo mbichi kichwani. Ziko njia tatu za kufanya hivyo, na yafaa mwanafunzi azifuate kwa taratibu, kutoka ile iliyo nyepesi hata ile iliyo ngumu.

Njia ya kwanza ni ya kwenda hatua kwa hatua. Mfumaji hutwaa seti mbili za sindano zenye ncha pande zote mbili, kila seti sindano tano. Sindano nne hushika vitanzi 16 kila moja, ndivyo 64, na sindano ya tano ndiyo ifanyayo kazi. Hufuma kwanza pindo la juu la soksi ya kwanza: vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume, kuzunguka pande zote, hata litoshe. Pindo la namna hii hujivuta lenyewe, likaushika mguu pasipo kamba. Likiisha, haendelei. Huiweka soksi hiyo kando pamoja na sindano zake, akatwaa seti ya pili na kufuma pindo la soksi ya pili kwa mizunguko ile ile. Ndipo hurudi kwenye ya kwanza akafuma mguu, kisha mguu wa ya pili.

Hata afikapo kisigino hufanya vivyo hivyo. Kisigino ndicho mahali pagumu pa soksi, maana hapo mfuko ulionyoka hauna budi kupinda kama mguu upindavyo. Mfumaji huviacha vitanzi 32 vya mbele vikingoja, akafuma vile 32 vya nyuma peke yake, kwenda na kurudi, mistari 32. Hupata kipande cha mraba cha kufunika kisigino. Kisha hupunguza vitanzi katikati ya kipande hicho ili kifanye kikombe kidogo, na baada yake huokota vitanzi pembeni, 16 upande huu na 16 upande huu, akaviunga na vile vilivyokuwa vikingoja. Vitanzi sasa ni vingi kupita kiasi. Kwa hiyo huvipunguza kidogo kidogo hata virudi 64. Baadaye hufuma wayo. Karibu na vidole hupunguza vitanzi vinne kila baada ya mzunguko mmoja, mara 12, hata vikabaki 16, navyo huvishona pamoja. Mshono bora ni ule usioacha tuta la kuumiza vidole. Wafumaji Waingereza huuita kwa jina la Kitchener, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza tangu mwaka 1914 hata alipofariki mwaka 1916.

Njia hii ya kwanza haina hatari ya kuchanganya nyuzi, maana kila soksi ina sindano zake. Shida yake ni kwamba mtu mvivu aweza bado kuiruka zamu ya soksi ya pili. Kwa hiyo mafundi hushika sheria moja: soksi moja isimpite mwenziwe zaidi ya hatua moja.

Njia ya pili ni ya kuziweka soksi mbili bega kwa bega. Hutakiwa sindano mbili ndefu za namna ya duara, ambazo kila moja ina ncha mbili ngumu zilizounganishwa kwa kamba laini. Sindano ya kwanza hushika nusu ya mbele ya soksi zote mbili, na sindano ya pili hushika nusu ya nyuma ya soksi zote mbili. Kila soksi ina donge lake la uzi. Mfumaji hufuma mbele ya soksi ya kwanza kwa donge la kwanza, huliacha, hushika donge la pili na kufuma mbele ya soksi ya pili. Hugeuza kazi, akafuma nyuma ya soksi ya pili, kisha nyuma ya soksi ya kwanza. Hapo mzunguko mmoja umekamilika katika soksi zote mbili, wala hakuna iliyotangulia.

Katika njia hii yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, kila sindano hufuma vitanzi vyake yenyewe. Sindano ya kwanza isiingie katika vitanzi vya sindano ya pili. La pili, wakati wa kugeuza, mfumaji akigeuza upande ule ule daima, nyuzi mbili zitajisokota kama kamba ya ukindu. Hivyo akigeuza kuume mara hii, hugeuza kushoto mara ifuatayo, na msokoto hujifungua wenyewe. Wengine hutia donge moja katika kikapu kilicho kuume na jingine katika kikapu kilicho kushoto, ili yasikutane.

Njia ya tatu ni ya ajabu kuliko zote. Soksi moja hufumwa ndani ya nyingine, kwa sindano zile zile. Katika kitabu kiitwacho Vita na Amani, kilichokamilika kuchapishwa mwaka 1869, mwandishi Mrusi Leo Tolstoy alimtaja mwanamke mmoja, Anna Makarovna, aliyeijua siri hii. Alifuma soksi ndefu mbili pamoja, na zilipokwisha aliichomoa moja kutoka ndani ya nyingine mbele ya watoto, nao walishangilia. Mwanamke huyo ni wa hadithi tu, lakini kazi yake si hadithi. Si uchawi wala mazingaombwe. Ni utaratibu, nao waweza kuelezwa.

Tuseme soksi ya nje ni ya uzi mweupe, na ya ndani ni ya uzi mwekundu. Mfumaji hufuma kwanza pindo la kila soksi peke yake. Kisha hugeuza pindo jekundu ndani nje, akalitia ndani ya pindo jeupe. Ndipo hupanga vitanzi katika sindano kwa zamu: cheupe, chekundu, cheupe, chekundu, hata vyote 128 viwe mahali pake. Akifikia kitanzi cheupe, huweka nyuzi zote mbili nyuma ya sindano, akafuma kitanzi cha kawaida kwa uzi mweupe tu. Akifikia kitanzi chekundu, huzileta nyuzi zote mbili mbele, akafuma kitanzi cha kinyume kwa uzi mwekundu tu. Huendelea hivyo mzunguko mzima.

Kwa nini nyuzi zote mbili zihame pamoja? Kwa sababu zikihama pamoja, uzi usiofanya kazi hulala katikati ya soksi mbili, mahali palipo wazi, wala haupiti juu ya uso wa soksi yo yote. Na kwa nini kitanzi chekundu kiwe cha kinyume? Kwa sababu soksi ya ndani imegeuzwa, na uso wake mzuri umeelekea ndani. Ikichomolewa na kugeuzwa itafanana na mwenziwe, ila kwa rangi tu. Fundi aliyezoea hutumia uzi wa rangi moja, lakini anayejifunza hana budi kuwa na rangi mbili, ili macho yamwonye mkono ukikosea.

Makosa ya njia hii ni mawili. Kosa la kwanza ni kufuma kitanzi cha soksi moja kwa uzi wa soksi ya pili, au kwa nyuzi zote mbili. Kosa la pili ni kuzisokota nyuzi mbili zenyewe kwa zenyewe. Kosa lo lote kati ya hayo huzifunga soksi mbili pamoja mahali pale. Ukubwa wa hatari waweza kuonekana kwa hesabu. Soksi yenye mizunguko 150 ya vitanzi 64 ina vitanzi 9,600, na jozi ina vitanzi 19,200. Katika vitanzi vyote hivyo kimoja tu kikienda njia ya mwenziwe, siku ya kuchomoa soksi haitoki. Mfumaji akivuta kwa nguvu hukata uzi. Asipokata, hana budi kufumua hata alifikie kosa.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hangoji siku ya mwisho. Kila amalizapo mzunguko hutia vidole kati ya soksi mbili, akazungusha polepole. Vidole vikipita, anajua kazi ni safi. Vikizuiwa, anajua kuwa kosa li katika mzunguko alioufuma sasa hivi, naye hufumua huo mmoja tu. Kazi ya nusu dakika huponya kazi ya wiki nzima.

Mwanafunzi aanzaye njia ya tatu na ajaribu kwanza jambo dogo. Vitanzi 10 vyeupe na vitanzi 10 vyekundu katika duara moja, mizunguko 10 tu, vyatosha kumwonyesha kama mikono yake imeelewa. Vipande viwili vikiachana, aweza kuendelea na soksi yenyewe. Tena afikapo kisigino, mahali penye kupunguza na kuokota vitanzi, na azitenge soksi mbili kila moja katika sindano zake, akamalize kwa njia ya kwanza. Si aibu. Anna Makarovna wa hadithi alikuwa fundi aliyeizoea kazi hiyo.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana haja sana ya soksi za sufu, kwa kuwa jua lao latosha. Lakini nyanda za juu, kama Njombe au Limuru, miezi ya Juni na Julai ina baridi ya kutetemesha, na mtoto mchanga au mzee huzihitaji. Mahali pasipo sufu, uzi wa pamba hufaa pia, ila haunyumbuki kama sufu. Kwa hiyo kipimo hutwaliwa kwa uangalifu zaidi.

Basi, je, mithali ya wahenga imeshindwa? La, haikushindwa. Mshika mbili huponyokwa na moja akizishika ovyo. Mfumaji wa soksi mbili hakuzichanganya. Kila soksi ina uzi wake, kila kitanzi kina zamu yake, na vidole hupita katikati kukagua kila mzunguko. Na siku kazi iishapo, hapatikani soksi moja iliyo nzuri na nyingine iliyo ahadi tu, bali jozi kamili, na mtu mwenye miguu miwili aweza kuzivaa zote mbili na kwenda zake.